Uzi maalumu: Kuwavuta, kuwatazama na kuwarekodi ndege wavumaji nyuma ya nyumba

Mkazi wa Houston (mtoa mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Wengi wetu tunaoishi majimbo ya kusini mwa Marekani tumekuwa tukiulizana kuhusu wale ndege wadogo wanaosimama hewani mbele ya ua bila kutua, wakanywa, wakarudi kinyumenyume na kutoweka kabla mtu hajafungua kamera ya simu. Nimeona ni vyema maswali hayo yakusanywe mahali pamoja, kwa sababu majibu mengi yanayotolewa huanza na aina ya kamera ya kununua, ilhali kwa maoni yangu kamera ndiyo jambo la mwisho. Anayetaka kuwaona wavumaji na kuwarekodi aanze kwa kuandaa mahali ambapo ndege mwenyewe ana sababu ya kurudi kila baada ya muda mfupi. Akishafanikiwa katika hilo, simu ya kawaida itamtosha kwa mwanzo.

Familia ya wavumaji ina spishi zaidi ya 350, na zote zinapatikana katika mabara ya Amerika peke yake, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini ya Amerika ya Kusini. Hapa Houston anayeonekana kwa wingi ni mvumaji koo-jekundu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Archilochus colubris, na ndiye pekee anayezaliana kwa kawaida katika upande wote wa mashariki wa nchi hii. Uzito wake ni takriban gramu 3, yaani anaizidi kidogo tu sarafu ya senti moja ya Marekani, na mabawa yake hupiga takriban mara 50 kwa sekunde. Majira ya baridi huyamaliza kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati, kisha wengi wao huivuka Ghuba ya Meksiko kwa mruko mmoja wa kilomita zipatazo 800, usiku na mchana, bila pa kutua.

Safari hiyo ndiyo inayopanga kalenda yetu. Madume hutangulia kufika pwani ya Texas mwezi Machi, majike hufuata, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wameshapita kwenda kaskazini. Msimu mkubwa zaidi huanza mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba, wanaporudi pamoja na watoto wa mwaka huo, na wakati huo hula kwa pupa kwa sababu wanatakiwa kujiwekea mafuta mwilini kabla ya kuvuka maji. Baadhi yao huondoka wakiwa wamekaribia mara mbili ya uzito wao wa kawaida. Mji mdogo wa Rockport, ulio pwani kusini mwa hapa, hufanya tamasha la wavumaji kila Septemba kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo anayetundika chombo cha maji ya sukari mwezi Juni, akakaa wiki mbili bila kuona kitu, asikate tamaa wala asidhani kwamba mtaa wake umelaaniwa.

Maua yatangulie. Kwa Houston, mmea ambao ningeuweka mbele ya mingine yote ni Malvaviscus arboreus, jamaa wa bamia na haibiskasi, wenye maua mekundu yasiyofunguka kikamilifu. Ni wa asili ya huku, unastahimili joto na kivuli, na huchanua mpaka majira ya kupukutika, yaani wakati ule ule wanaopita wavumaji. Unafuatiwa na Salvia coccinea, ambayo hujipandikiza yenyewe kwa mbegu, na Hamelia patens kwa sehemu yenye jua kali. Kwa ajili ya wale wa Machi, uzio upambwe kwa Lonicera sempervirens, ua la mrija mrefu mwekundu. Jihadharini tu msiuziwe ndugu yake wa Kijapani, Lonicera japonica, ambaye hutambaa na kuimeza bustani nzima.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mvumaji haishi kwa utamu peke yake. Hula vijidudu vidogo na buibui, na jike anapolea makinda huwalisha wadudu zaidi ya kitu kingine. Mwenye bustani anayepuliza dawa ya wadudu kila wiki huku akitundika maji ya sukari amefungua mgahawa akaondoa chakula na kubakiza soda.

Sasa kuhusu maji hayo ya sukari. Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe ya kawaida kwa vikombe vinne vya maji. Koroga mpaka iyeyuke, acha ipoe, mimina kiasi kidogo kwenye chombo na kinachobaki kiweke kwenye jokofu. Kwa joto letu la Agosti, maji hayo yabadilishwe kila siku. Hali ya hewa ikiwa ya wastani, siku mbili hadi tatu zinatosha. Yakionekana kuwa na ukungu au vidoa vyeusi vimeshika kwenye matundu, yamwagwe bila majadiliano, na chombo kisuguliwe kwa maji moto na brashi ndogo. Siki husaidia sana, mradi kisuuzwe vizuri baadaye. Ninapendelea chombo kilicho bapa kama kisahani chenye mfuniko mwekundu kuliko chupa iliyopinduliwa, kwa sababu chupa ikipata jua hewa iliyo ndani hutanuka na kusukuma maji nje, yakadondoka na kuwaita nyuki na sisimizi.

Karibuni tujadiliane.

Mgeni wa Columbus

Mtoa mada, shukrani kwa uzi huu. Mimi nipo Ohio na nina maswali mawili. La kwanza, dukani nimeona unga mwekundu unaouzwa mahsusi kwa ndege hawa, na mtu mwingine akanishauri nitumie asali kwa kuwa ni ya asili kuliko sukari. Je, kipi ni bora? La pili, jirani yangu, ambaye ni mtu mzima mwenye uzoefu, ameniambia niondoe chombo mara Septemba inapoanza, la sivyo ndege watazoea kula bure, watasahau kuhama, na baridi itawaua. Naomba ufafanuzi.

Mkazi wa Houston

Mkuu, unga huo uache dukani. Rangi nyekundu inayomvuta ndege tayari ipo kwenye chombo chenyewe, na mbochi halisi ndani ya maua haina rangi, hivyo hakuna faida yoyote ya kumnywesha rangi kiumbe mwenye gramu 3 anayekunywa siku nzima. Asali nayo, pamoja na heshima zake zote katika tiba za nyumbani, ikichanganywa na maji huchacha haraka na kukuza kuvu. Sukari ya kahawia na sukari guru zina madini ya chuma kwa kiasi kisichomfaa ndege huyu, na vitamu visivyo na nguvu mwilini ni kumdanganya mnyonge. Sukari nyeupe ndiyo inayokaribiana zaidi na iliyomo kwenye maua yao.

Kuhusu jirani yako, mpe heshima yake, lakini chombo kiache kining'inie. Kinachomwondosha mvumaji ni kupungua kwa urefu wa mchana pamoja na silika aliyozaliwa nayo, na ataondoka hata chombo kikiwa kimejaa. Madume wazima huanza kuondoka mapema, wengine tangu Julai na Agosti wakati maua bado yamejaa. Wanaochelewa ni watoto wa mwaka huo na wanaotoka kaskazini zaidi, na hao ndio watakaonufaika na chombo chako mwishoni mwa Septemba. Kwa Ohio, kiache wiki mbili hivi baada ya kumwona ndege wa mwisho.

Mlima Meru

Ndugu zangu, mbona mnazungumza kana kwamba ndege hawa ni mali ya Marekani? Hapa Arusha tunao tele. Kila asubuhi huja kwenye mishubiri yangu, wana rangi ya kijani inayometameta, mdomo mrefu uliopinda, na wengine wana kifua chekundu. Mtoa mada apitie upya maelezo yake kwamba hawapatikani nje ya Amerika.

Mwalimu wa Baiolojia

Ndugu yetu wa Arusha, unaowaona ni chozi, wa familia ya Nectariniidae, ambao wameenea Afrika, Asia na hadi Australia. Wanafanana na wavumaji kwa sababu kazi yao ni moja, kunywa mbochi na kukamata wadudu wadogo, lakini kiukoo wako mbali kabisa. Chozi wamo katika kundi kubwa la ndege waimbaji, ilhali mvumaji ni jamaa wa karibu wa teleka, wale ndege wenye mabawa membamba wanaopita juu ya mapaa jioni. Tofauti utaiona kwa macho yako mwenyewe: chozi kwa kawaida hutua kwenye shina la mshubiri, akashika kwa miguu, akainama na kunywa. Anaweza kupepea mbele ya ua kwa muda mfupi, lakini si mtindo wake wa maisha. Mvumaji yeye miguu yake haifai kutembea, na hunywa akiwa hewani.

Wapo pia wanaoapa kwamba wamemwona mvumaji Dar es Salaam au Mombasa jioni, akisimama hewani mbele ya ua na kuvuma. Mara nyingi huyo ni nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu kama uzi. Tazama kichwa chake. Ukiona vipapasio viwili, huyo ni mdudu.

Naongeza jambo moja ambalo huwashangaza wanafunzi wangu. Mwaka 2004 yalichapishwa maelezo ya visukuku vya wavumaji wa kale vilivyopatikana Ujerumani, vyenye umri wa takriban miaka milioni 30. Kwa hiyo Dunia ya Kale, yaani Ulaya, Asia na Afrika, iliwahi kuwa na wavumaji wake. Waliobaki leo ndio wako Amerika pekee, na hapo mtoa mada yuko sahihi.

Mlima Meru

Nimeelewa na nashukuru. Basi mimi nitaendelea na chozi wangu, ambao angalau wanatulia nikiwarekodi.

Fundi Picha

Naomba niingie kwenye upande wa kurekodi, kwa kuwa ndio unaonihusu. Nakubaliana na mtoa mada kwamba mahali ni muhimu kuliko kifaa, lakini kuna hesabu chache ambazo mtu akizifahamu atajiepusha na gharama zisizo za lazima.

Mabawa yakipiga mara 50 kwa sekunde, video ya kawaida ya fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde haiwezi kunasa hata fremu moja kwa kila pigo. Utapata mwili unaoonekana vizuri ukiwa na ukungu wa mabawa pande mbili. Simu nyingi za sasa hurekodi fremu 240 kwa sekunde, na hapo unapata karibu fremu tano kwa kila pigo, kiasi cha kuona bawa likienda mbele na kurudi nyuma. Kuona kila hatua ya bawa linavyojigeuza kunahitaji fremu 1,000 na kuendelea. Lakini fremu nyingi zinakula mwanga. Kwa fremu 240, kila picha haiwezi kupata mwanga kwa zaidi ya sehemu moja ya 240 ya sekunde, na ukitaka bawa lisifanye ukungu unahitaji muda mfupi zaidi ya huo, hivyo rekodi saa ambazo jua limeshaangaza chombo sawasawa. Anayetegemea taa ya barazani ataona video yake inapepesa, kwa sababu taa hizo huwaka na kufifia kufuata umeme, jambo ambalo jicho halilitambui lakini kamera inalinasa.

Kwa picha za mnato, mabawa yaliyoganda kabisa hutokana zaidi na mwako mfupi wa flashi kuliko kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga. Harold Edgerton wa chuo cha MIT aliwapiga wavumaji picha kwa mwanga wa namna hiyo tangu miaka ya 1930, na wapiga picha wa leo wenye flashi tatu au nne kuzunguka chombo wanafuata njia ile ile. Kwa mtu wa nyumbani, kasi ya shata ya 1/2000 hadi 1/4000 ya sekunde chini ya jua inatosha, na ukungu kidogo kwenye ncha za mabawa mimi nauona ni uzuri; picha ambayo kila unyoya umesimama kabisa hunifanya nidhani ndege amekaushwa.

Sasa mpangilio. Chombo chenye matundu manne kinakupa nafasi nne za kukosea, kwa hiyo siku ya kurekodi ziba matatu kwa utepe na ubakize lile linaloelekea upande unaoutaka. Weka simu kwenye stendi ya miguu mitatu, umbali wa mita moja au mbili, kisha lenga sehemu ya hewa iliyo mbele ya tundu, si tundu lenyewe, na ufunge fokasi hapo. Ukiiachia simu ichague yenyewe, itashika plastiki nyekundu kila mara. Nyuma ya chombo pawe na majani yaliyo mbali, mita tatu au zaidi, ili yafifie. Kisha ondoka, uache simu ikirekodi. Ndege akishaizoea stendi ataipuuza.

Tazameni pia mwenendo wake. Mvumaji hanywi mfululizo. Huingiza mdomo, hunywa kidogo, hurudi nyuma kiasi cha upana wa kiganja, husimama hewani akigeuza kichwa kukagua kushoto na kulia, kisha huingia tena. Anaporudi nyuma ndio wakati wa thamani, kwa sababu mwili wote unaonekana bila kuzibwa na chombo, na mkia hufunguka kama feni. Kama ni dume, angalieni koo. Wekundu ule hautokani na rangi iliyo ndani ya unyoya, bali ni namna unyoya unavyourudisha mwanga, hivyo dume yule yule anaweza kuonekana na koo jeusi tii, akageuza kichwa kidogo tu, na koo likawaka. Jua likiwa nyuma yako na kamera ikiwa pembeni kidogo, utapata mageuzi hayo ndani ya video moja.

Mgeni wa Columbus

Fundi, na ulimi? Nimejaribu kuuona, nashindwa. Nilisoma zamani kwamba huvuta maji kama mrija.

Mwalimu wa Baiolojia

Maelezo ya zamani yalisema maji hupanda yenyewe ndani ya vifereji vya ulimi, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega wa Chuo Kikuu cha Connecticut waliyapinga mwaka 2011, wakionyesha kwa kamera za kasi kwamba ncha ya ulimi imegawanyika sehemu mbili zenye vipindo pembeni, ambavyo hufunguka ndani ya maji na kujifunga vinapotoka, vikiwa vimeyateka. Mwaka 2015, Rico-Guevara akiwa na wenzake, akiwemo Rubega, alionyesha hatua ya pili: mdomo huubana ulimi ukawa bapa, na ulimi ukiingia kwenye maji hujitanua kwa ghafla na kuyavuta. Ndege huurudia mchezo huo zaidi ya mara kumi kwa sekunde. Ukitumia chombo chenye kuta angavu, fremu 240 zitakuonyesha ulimi ukiingia na kutoka, ingawa hutaona vipindo vyenyewe.

Baba Zawadi wa Phoenix

Salaam kutoka Arizona. Huku hali ni tofauti na ya Texas, na nadhani wenzetu wa magharibi wanafaa kulijua hilo. Sisi tuna mvumaji wa Anna ambaye anakaa mwaka mzima, hata Januari, hivyo chombo hakishuki kamwe. Kiangazi joto likizidi nyuzi 40 ninayabadilisha maji kila asubuhi na kukiweka chombo kivulini. Dume wa Anna hupanda juu sana, akajitupa chini kwa kasi, na anapofika chini husikika mlio mmoja mkali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulibaini kwamba mlio huo hautoki kooni, bali hutokana na upepo unaotikisa manyoya ya mkia. Anayetaka kumrekodi asihangaike kumfuata kwa kamera. Ndege huyo hurudia mbizi yake mahali pale pale, kwa hiyo elekeza kamera chini ya mbizi na usubiri.

Na kwa wenzetu walio kusini zaidi mwa Arizona, karibu na mpaka wa Meksiko: mkikuta chombo kilichojaa jioni kiko kitupu alfajiri, msimsingizie jirani. Wapo popo wanaokunywa mbochi, na wanapohama hupitia kwenye vyombo hivyo usiku.

Swali langu kwa mtoa mada ni kuhusu dume mmoja aliyejitwalia chombo changu. Anakaa kwenye fito ya karibu kutwa nzima na kumfukuza kila anayekuja.

Mkazi wa Houston

Baba Zawadi, huyo anafanya kile ambacho angekifanya kwenye kichaka cha maua. Ongeza chombo cha pili, lakini kiweke upande wa pili wa nyumba ambako hawezi kukiona akiwa kwenye fito yake. Ukiviweka jirani, atavitawala vyote viwili. Hapa kwetu msimu wa Septemba unapochemka, wageni huwa wengi kiasi kwamba dhalimu anachoka mwenyewe. Kwa upande wa kurekodi, mbabe kama huyo ni zawadi, kwa sababu fito anayoipenda haibadiliki, na unaweza kumlenga akiwa ametulia, akijinyoosha bawa moja na mguu, akitoa ulimi hewani.

Nitumie nafasi hii kueleza hatari chache. Chombo kisining'inizwe mita tatu au nne kutoka dirishani, kwa sababu umbali huo unamtosha ndege kupata kasi na kugonga kioo. Kiwe ndani ya mita moja, au mbali kabisa. Kisiwe karibu na kichaka ambamo paka anaweza kujibanza. Sisimizi wazuiwe kwa kikombe kidogo cha maji kinachotundikwa juu ya chombo, na kamwe msipake mafuta wala grisi kwenye waya, kwa kuwa yakishika manyoya ya ndege huyu hana namna ya kuyaondoa. Pia mkague vunjajungu. Anaonekana mpole akiwa amekunja mikono, lakini vunjajungu wakubwa huwakamata wavumaji kwenye vyombo na kuwala. Mhamishieni kichaka kingine, msimuue, naye ana kazi yake.

Mtazamaji Makini

Nimesoma kwa utulivu na nina pingamizi. Je, kuwapa wanyama pori maji ya sukari si kuwaharibia maisha? Tunalaumu watalii wanaowapa nyani ndizi, kisha sisi wenyewe tunatundika sukari. Na hizi kamera, je, hazigeuzi bustani kuwa studio?

Mkazi wa Houston

Pingamizi lako lina uzito, na silikatai lote. Nyani anayepewa ndizi hujifunza kumfuata binadamu, akawa hatari kwake na kwa nafsi yake. Mvumaji anayekunywa kwenye chombo hamwendei binadamu, na bado huzunguka maua na kukamata wadudu muda mwingi wa siku. Ila chombo kichafu kinaweza kumdhuru kweli, na mtu anayejijua kwamba hatapata muda wa kukisafisha ni heri apande Malvaviscus na asitundike chochote. Ninasema hivyo bila kejeli. Bustani yenye maua pekee huwaleta, na video ya mvumaji kwenye ua halisi huipita mbali ile ya plastiki nyekundu.

Kuhusu kamera, mpaka wangu uko kwenye kiota. Jike hukijenga peke yake kwa sufi ya mimea na utando wa buibui, akakifunika kwa ukoga wa kijivu wa magome ya miti mpaka kinafanana na kinundu cha tawi, kisha hutaga mayai mawili, kila moja halifiki sentimita moja na nusu. Anaatamia takriban wiki mbili bila msaada wa dume. Mtu akikibahatisha kiota, atazame kwa darubini kutoka mbali, asikate majani yanayomziba ili apate picha, na asitumie flashi. Isitoshe, sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza hapa Marekani kuwakamata, kuwaua au kuchukua viota na mayai yao, na hata manyoya yaliyoanguka hayaruhusiwi kuwekwa nyumbani.

Mgeni wa Columbus

Naomba msaada wa haraka. Leo asubuhi kumekuwa na baridi, na kwenye chombo changu yupo ndege anayening'inia kichwa chini, miguu imeshika ukingo, hatikisiki. Watoto wanalia wakidhani amekufa. Nimtoe?

Mwalimu wa Baiolojia

Usimguse. Huyo yumkini yuko kwenye hali ya kuzima mwili ili kubana nguvu. Moyo wake, ambao akiruka unaweza kuzidi mapigo 1,000 kwa dakika, hupunguza kasi mno, na joto la mwili hushuka. Kuamka kunamchukua muda, wakati mwingine zaidi ya nusu saa, na huanza kwa kutetemeka. Hakikisha tu paka hayupo na chombo kina maji.

Mgeni wa Columbus

Ametetemeka, akajigeuza, akanywa muda mrefu na kuondoka. Mtoto mkubwa amerekodi yote kwa simu kupitia dirishani. Nawashukuru sana.

Bi. Mstahiki wa Sugar Land

Nimechelewa kuuona uzi. Mimi ni jirani wa mtoa mada kwa maana ya mji. Wavumaji wetu waliondoka Oktoba, lakini wiki hii ya Desemba ameonekana mmoja wa rangi ya kutu, si kijani. Je, amepotea njia? Na usiku wa baridi kali nifanyeje na maji yanayoganda?

Mkazi wa Houston

Bi. Mstahiki, hajapotea. Kwa maelezo yako nadhani ni Selasphorus rufus, ambaye huzaliana kaskazini-magharibi hadi Alaska, na baadhi yao huja kumalizia baridi katika pwani yetu ya Ghuba. Ndiyo maana huku kwetu chombo kimoja hubaki kimetundikwa hata baada ya Oktoba. Jaribu kumpiga picha mkia ukiwa umefunguka, kwa kuwa majike na wachanga wa spishi hiyo ni vigumu kuwatofautisha na jamaa zao wa karibu kwa njia nyingine, kisha iweke kwenye eBird, mfumo wa Chuo Kikuu cha Cornell wa kuorodhesha ndege, pamoja na tarehe na mahali. Wataalamu wa hapa huzikagua rekodi za majira ya baridi.

Usiku ukitabiriwa kuganda, ingiza chombo ndani baada ya giza na ukirudishe kabla hakujapambazuka, kwa sababu mvumaji huja kunywa mapema sana baada ya usiku wa baridi. Kama una vyombo viwili, kimoja kilale jikoni kikiwa tayari, ubadilishane nacho asubuhi. Usiongeze sukari kupita kiasi kwa nia ya kuzuia kuganda. Kipimo kikibaki kimoja kwa vinne hakuna kitakachoharibika.